Nani Kasema Kioo ni Kioo?

Kokoto ikiruka kutoka kwenye tairi la lori na kupiga kioo chako cha mbele kati ya Mwasonga na Kimbiji, washauri hawakosekani. Jirani atakwambia nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukachukue chochote kinachoingia. Muuza spea atakuonyesha vioo vilivyoegemezwa ukutani, vimetenganishwa kwa maboksi yaliyochanwa, na atakuuliza jambo moja tu: gari gani, la mwaka gani. Fundi atakayekuja na waya na gundi yake atamalizia: "Bosi, kioo ni kioo." Ukithubutu kuuliza kama gari lako lilitoka kiwandani na kioo cha kupunguza kelele, na kama kingine cha namna hiyo kinapatikana, utaambiwa hayo ni mambo ya wenye magari makubwa ya V8.

Kauli hiyo ya "kioo ni kioo" imeota mizizi jijini Dar es Salaam kiasi kwamba hata watu wanaosoma mkataba wa kiwanja mstari kwa mstari huilipia bila swali. Mimi naipinga. Kioo si kioo tu, kelele si jambo dogo, na anayeambiwa kuwa utulivu ndani ya gari ni anasa ndiye hasa anayeuhitaji.

Tuanze na huyo anayeuhitaji. Kimbiji iko pwani ya kusini ya Kigamboni, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya jiji. Wakati Kigamboni haijawa wilaya, ilihesabiwa Temeke, na wengi waliijua kwa samaki, minazi na mihogo. Leo ina viwanja vilivyopimwa, mabango ya mauzo kila kona, na kiwanda cha saruji ya Nyati ambacho malori yake huingia na kutoka mchana na usiku. Juu ya hayo ongeza malori ya mchanga na kokoto yanayolisha ujenzi wa nyumba mpya. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, mtu anaweza kulala Kimbiji na kufanya kazi Posta bila kuisubiri pantoni ya Magogoni, na watu wengi wameamua hivyo. Wamenunua magari yaliyotumika kutoka Japani, wakajenga, wakahamia.

Mwenye V8 anayeishi Masaki hukaa barabarani muda mfupi, tena kwa mwendo wa foleni. Mwenye Toyota Harrier au Crown iliyotumika anayelala Kimbiji hutoka alfajiri, hupita Mwasonga na Kibada, huvuka daraja, huingia Kurasini na Barabara ya Mandela, na jioni hurudia safari yote hiyo akiwa amechoka. Huyu ndiye anayekula kokoto za malori. Huyu ndiye anayebadilisha kioo. Na huyu ndiye anayeambiwa kwamba kelele si shida yake.

Sasa tuingie ndani ya kioo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo kauli ya "kioo ni kioo" inapoanguka.

Kioo cha mbele cha gari si bamba moja. Ni mabamba mawili, kila moja likiwa na unene wa milimita mbili hivi, yamebanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Utando huo huitwa polivinili butirali, unene wake wa kawaida ni milimita 0.76, na kazi yake ya kwanza ni kushika vipande kioo kikivunjika ili visikurukie usoni. Ndiyo maana kioo cha mbele kikipigwa hufanya ufa na kubaki mahali pake, wakati cha mlangoni katika magari mengi husambaratika chote kwa mara moja. Hadi hapo fundi na mimi tunakubaliana.

Tunaachana kwenye utando. Sauti ni mtetemo. Upepo ukipiga kioo hukitetemesha, na kioo kikitetemeka hutetemesha hewa iliyo ndani ya gari, ndipo masikio yanaposikia. Kioo huzuia sauti nyingi, lakini kila kioo, kulingana na unene wake, kina eneo la udhaifu, ambapo mtetemo wa hewa na mtetemo wa kioo hulingana na sauti hupenya kwa urahisi. Kwa unene wa kioo cha gari, udhaifu huo huangukia kwenye hezi elfu mbili, elfu tatu hivi, yaani mitetemo elfu mbili hadi tatu kwa sekunde. Bahati mbaya ni kwamba sikio la binadamu lina ukali wake mkubwa hapo hapo, kati ya hezi 2,000 na 5,000. Hapo ndipo zilipo sauti kama ch na sh zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno. Na hapo ndipo mvumo wa upepo kwenye kioo na nguzo za mbele unaposikika vizuri gari likishika kasi. Kwa hiyo kioo cha kawaida kinapitisha kelele mahali ambapo sikio limewekwa kusikiliza maneno.

Kioo cha kupunguza kelele huziba pengo hilo. Utando wake una tabaka tatu badala ya moja: mbili za nje ni ngumu kiasi, ya katikati ni laini zaidi. Kioo kinapotaka kutetemeka, tabaka laini hunyumbuka kati ya zile ngumu na kugeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto dogo sana lisilohisiwa. Unene wote unabaki karibu ule ule. Rangi ni ile ile. Ukikibeba kwa mikono hutajua tofauti, na hii ndiyo siri ya kauli ya fundi kudumu: anachokiona na kukishika ni kilekile, basi anaapa kwamba ni kilekile. Lakini makampuni kama Sekisui ya Japani na Eastman ya Marekani hayakutengeneza utando huo kwa kujifurahisha, na Toyota haikuuweka kwenye Crown na Harrier kwa bahati nasibu. Ni sehemu ya gari. Uliinunua pamoja na gari, ukaisafirisha, ukailipia ushuru bandarini. Fundi akikutolea rimu za aloi na kukuwekea za chuma kwa hoja kwamba rimu ni rimu, mtafikishana kituo cha polisi. Akikutolea kioo cha kupunguza kelele na kukuwekea cha kawaida, unamshukuru na kumwongezea hela ya soda.

Hapa wapinzani wangu wana jibu, na si jibu la kupuuza. Wanasema tofauti ni desibeli mbili tatu ndani ya gari, nani atazisikia? Hesabu ni kweli. Kioo cha mbele peke yake hakigeuzi gari kuwa maktaba, kwa sababu kelele nyingine huingia kwa milango, sakafu na matairi. Katika lile eneo la udhaifu nafuu huwa kubwa zaidi, lakini ukijumlisha kelele zote, desibeli mbili tatu ndizo unazopata.

Kosa lao ni kuzichukulia desibeli kana kwamba ni shilingi. Desibeli hazijumlishwi hivyo. Kupunguza desibeli tatu ni kukata nusu ya nguvu ya sauti. Wataalamu wa afya kazini wa taasisi ya NIOSH ya Marekani wanapendekeza mfanyakazi asikae zaidi ya saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85. Ikifika 88, wanashusha muda huo hadi saa 4. Desibeli tatu tu, na siku ya kazi inakatwa katikati. Sisemi kwamba ndani ya Harrier iliyofungwa vioo kuna desibeli 85, kwa sababu hazimo. Gari dogo lililo zima kwenye lami huwa chini sana ya hapo, na masikio ya dereva wake hayataharibiwa na upepo. Ninachosema ni kwamba anayezidharau desibeli tatu hajui kipimo anachokidharau.

Madhara kwa dereva wa gari dogo ni ya namna nyingine: uchovu. Ubongo unaosikiliza mazungumzo kupitia mvumo wa upepo hufanya kazi ya kuchuja kila sekunde. Abiria wa nyuma anapaza sauti, dereva anaongeza redio, simu ya ofisini inarudiwa mara mbili mbili. Mtu anafika nyumbani kichwa kinamgonga na analaumu foleni. Foleni ina lawama zake, lakini mvumo wa kilomita zote zile nao ulikuwa ukimla polepole, na hakuna aliyeuhesabu kwa sababu hauonekani.

Tumezoea kuamini kwamba kelele huzoeleka, na imani hiyo ndiyo mama wa kauli ya "kioo ni kioo." Dar es Salaam imetulea hivyo: honi, spika za maduka ya Kariakoo, muziki wa daladala, jenereta la jirani. Sikio hunyamaza kulalamika, mwili haunyamazi. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Ulaya ilichapisha makadirio mwaka 2011 kwamba kelele za barabarani huwapotezea watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka, kupitia usingizi uliovurugwa, magonjwa ya moyo na usumbufu. Hao ni wakazi wa kando ya barabara, si madereva, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini inatosha kuonyesha kwamba anayesema "utazoea" anazungumzia sikio lake, wala hajaupima moyo wake. Nchi yetu yenyewe imekwisha kutambua jambo hili: tuna kanuni za usimamizi wa mazingira za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na baraza la mazingira, NEMC, limezitumia dhidi ya baa na nyumba za ibada. Ikiwa kelele ya baa ni uchafuzi wa kutozwa faini, kwa nini kulalamikia kelele ndani ya gari kuwe deko ya wenye pesa?

Neno anasa nalo lina historia ambayo wapinzani wangu wangefanya vizuri kuikumbuka. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara iliyokuwa na utando wa nitroselulosi ndani yake. Chupa ilipasuka, haikusambaratika. Mwaka 1909 alisajili haki ya uvumbuzi wa kioo cha mabamba mawili yenye utando katikati. Matumizi ya kwanza makubwa hayakuwa kwenye magari bali kwenye barakoa za gesi za Vita Kuu ya Kwanza. Magari yaliendelea kutembea na kioo cha kawaida, kile cha dirishani, ambacho kwenye ajali kiliwakata watu nyuso na shingo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo Ford ilipokiweka kioo cha usalama kwenye Model A, gari la mtu wa kawaida. Utando wa polivinili butirali tunaoutumia leo ulikuja katika miaka ya 1930. Leo hakuna fundi Gerezani atakayekuwekea kioo cha dirishani mbele ya gari na kukwambia kioo ni kioo. Kwa maneno mengine, yeye mwenyewe haiamini kauli yake. Anaitumia pale tu tofauti isipoonekana kwa macho.

Kiyoyozi nacho kilikuwa anasa. Siku hizi mtu akileta gari bila kiyoyozi Dar es Salaam, hata dalali hulikimbia.

Nije kwenye hoja ya barabara, ambayo watu wa Kimbiji huniambia kwa uchungu: "Sisi tunapita mashimo na changarawe, kioo cha kimya kitatusaidia nini?" Kwenye changarawe, kidogo sana. Ngurumo ya tairi juu ya mawe, mgongano wa springi na mlio wa bodi ni sauti nzito, za chini ya hezi mia tano, na utando wa kioo hauzigusi kwa maana yoyote. Anayekuuzia kioo hicho kwa ahadi kwamba mashimo yatanyamaza anakudanganya, na mimi sitamtetea. Lakini safari ya Kimbiji haiishii kwenye changarawe. Mbele kuna lami, kuna daraja, kuna Mandela, na siku za sikukuu kuna Morogoro na Tanga. Upepo huanza kutawala mwendo unapopanda, na hapo ndipo kioo kinapofanya kazi yake.

Kuna hoja ya joto pia, ambayo sijasikia wauzaji wakiitaja ingawa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Utando laini hubadilika tabia kwa joto. Nyingi hutengenezwa ziwe na nguvu zaidi kwenye nyuzi joto 20 hivi, na kioo kilichoegeshwa juani Dar es Salaam saa saba mchana kiko mbali na hapo. Kwa dakika za mwanzo wa safari ya mchana, nafuu hupungua. Lakini mtu wa Kimbiji huondoka alfajiri na kurudi jioni, upepo wa mwendo hupoza kioo kwa nje na kiyoyozi hukipoza kwa ndani. Katika saa anazosafiri, kioo chake kiko karibu na hali kilichoundiwa kuliko watu wanavyodhani.

Na kama unaendesha madirisha wazi? Basi usinunue. Nasema hivi bila kuzunguka. Daladala lenye madirisha wazi, lori la zamani lenye mlango usiofunga vizuri, gari lililoharibika kiyoyozi na mwenyewe hana mpango wa kukitengeneza: kioo cha kupunguza kelele humo ni fedha iliyotupwa. Mimi natetea haki ya mtu kupata kioo kinachostahili gari lake. Gari lililokuja na kioo cha kawaida lirudishiwe cha kawaida kilicho kizuri. Gari lililokuja na cha kupunguza kelele lisivuliwe bila mwenyewe kuambiwa.

Hoja inayonikera kuliko zote ni hii: "Ukiwa kimya ndani hutasikia honi ya bodaboda, utaua mtu." Inasikika kama busara, na inarudiwa na watu wenye nia njema, kwa hiyo inastahili jibu refu.

Sauti ya msingi ya honi ya gari huwa kwenye hezi 400 hadi 500. Huko ni chini kabisa ya lile eneo ambalo utando laini hufanyia kazi. Kioo cha kupunguza kelele na kioo cha kawaida hupitisha sehemu hiyo ya honi karibu sawasawa. Kinachopunguzwa ni mvumo wa upepo, na mvumo huo ndio unaoifunika honi. Kusikia kitu si suala la ukubwa wa kitu hicho peke yake. Ni tofauti kati yake na kelele inayokizunguka. Punguza kelele inayozunguka, na honi inajitokeza zaidi. Kisha mtazame dereva mwenyewe. Anayezungukwa na mvumo hufanya nini? Hupandisha redio. Taarabu au singeli inayochezwa kwa sauti ya kushinda upepo wa kilomita 80 kwa saa ndiyo inayozima honi ya bodaboda, kingʼora cha gari la wagonjwa na kelele za utingo anayekuonya kwamba lori linarudi nyuma. Dereva aliye kwenye gari tulivu huacha redio chini. Anayetaka madereva wasikie bodaboda azungumzie spika zilizofungwa nyuma ya viti na simu zilizobanwa begani. Kioo hakina kosa hapo.

Hadi hapa nimezungumzia kioo. Lakini hata kioo bora kikifungwa vibaya hupiga mluzi, na ufungaji wetu ndio unaowapa wapinzani wangu ushahidi wao wa uongo. Mtu alinunua kioo kizuri, kikafungwa ovyo, kikapiga mluzi kuanzia Kibada, naye akaapa kwamba vioo vyote ni sawa.

Ukikaa karibu na mafundi wakati wa kazi hiyo utaona jinsi kosa linavyoingia. Kioo cha zamani hutolewa kwa waya mwembamba unaopenyezwa kwenye gundi. Mmoja anakaa ndani ya gari, mwingine nje, wanauvuta kwa zamu kuzunguka fremu. Waya au kisu kikiteleza, rangi ya fremu inakwaruzwa hadi bati linaonekana. Katika gari la mtu wa pwani, anayepumua chumvi ya bahari kila siku, mkwaruzo huo ni mbegu ya kutu. Unapaswa kusafishwa na kupakwa dawa kabla ya gundi mpya kuwekwa. Mara nyingi haupakwi. Kutu inakula chini ya gundi, gundi inaachia, maji ya masika yanaingia kwenye zulia, na upepo unapata mlango.

Kisha gundi yenyewe. Kioo cha mbele hushikwa kwa gundi maalumu ya poliyurithani, ambayo ikikauka hufanya kioo na bodi kuwa kitu kimoja. Kazi hiyo si ya urembo. Gari likipinduka, kioo kilichoshikwa barabara husaidia paa lisibonyee, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufumuka ukiegemea kioo hicho hicho. Fundi anayetumia silikoni ya bafuni kwa sababu ni rahisi, au anayekukabidhi gari uondoke papo hapo wakati gundi bado ni uji, amekuachia kioo ambacho siku ya ajali kitatoka kabla yako. Kauli ya "kioo ni kioo" huzaa pacha wake, "gundi ni gundi," na huyo wa pili anaua.

Niseme pia kwamba sigombani na kioo cha Kichina. Wapo wanaodhani kumtetea mnunuzi ni kuitukana China. Fuyao, iliyoanzishwa mwaka 1987 huko Fujian, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa zaidi wa vioo vya magari duniani, ina kiwanda hadi Ohio, Marekani, na huyauzia makampuni makubwa ya magari vioo vya kila aina, vya kupunguza kelele vikiwemo. Nchi si tatizo. Tatizo ni kuuziwa kitu bila jina lake.

Na magari yanayoingia sasa yanazidi kuifanya kauli hiyo iwe hatari. Tangu 2015 Toyota imekuwa ikifunga kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kwa ajili ya mfumo wake wa kuonya na kufunga breki. Kamera hiyo hutazama barabara kupitia kioo. Kioo kikiwa na mpindo usio sahihi au kishikio kisicho chake, kamera hutazama pembeni. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayoshuka bandarini leo, na ndiyo yatakayopigwa kokoto kesho.

Tofauti hizi zimeandikwa kwenye kioo chenyewe. Chuchumaa mbele ya gari utazame kona ya chini. Utakuta jina la mtengenezaji. Kwa magari ya Japani mara nyingi ni AGC, NSG au Central Glass, na jina hilo lilingane na la vioo vya milangoni. Kwenye vioo vingi utakuta E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, 43 ikiwa ni Japani. Vioo vya soko la Marekani vina AS1, alama ya kioo kinachofaa kuwa cha mbele. Kioo cha kupunguza kelele mara nyingi huongezewa neno Acoustic au mchoro mdogo wa sikio. Piga picha kona hiyo leo, kabla hakijapasuka, kwa sababu kikishapasuka mafundi hukitupa na ushahidi wako unakwenda nacho jalalani.

Alama zinaweza kughushiwa, ndiyo. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa mnunuzi peke yake. Shirika la viwango, TBS, hukagua matairi, saruji na maziwa; kioo kinachomlinda mtu uso wake kinastahili jicho hilo hilo kinaposhushwa bandarini, na kinastahili kuandikwa aina yake kwa Kiswahili kwenye lebo. Tume ya Ushindani ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na muuzaji anayesema "ni kilekile" huku akijua si kilekile anampotosha mlaji. Makampuni ya bima nayo yaache kujificha. Mikataba ya bima kubwa huwa na kipengele cha kioo cha mbele chenye kikomo cha fedha, lakini neno "kioo" limeachwa uchi, halisemi cha aina gani. Matokeo yake, mwenye gari aliyelipa mwaka mzima hurudishiwa kilicho rahisi kuliko vyote sokoni, na karatasi zinaonyesha amelipwa haki yake. Kipengele hicho kiandikwe upya: kioo cha aina ile ile iliyotoka kiwandani, au tofauti ya bei irudishwe kwa mteja.

Hayo yatachukua muda. Lililo mikononi mwa mtu wa Kimbiji wiki hii ni risiti. Kabla ya kulipa, muuzaji aandike juu yake jina la mtengenezaji, alama zilizo kwenye kona, na kama kioo ni cha kawaida au cha kupunguza kelele. Fundi aandike aina ya gundi na saa ambayo gari litaruhusiwa kutembea. Muuzaji akikataa kuandika, vuka barabara uingie duka la pili. Gerezani haina uhaba wa maduka ya spea.